Kitufe cha Marahaba

Mama yangu aliacha kuniitikia, na mimi nikanuna. Nilinuna kama mtoto, peke yangu, katika chumba cha kupanga hapa Maisaka.

Masikio yake yalikuwa yamekwisha. Kumpigia simu ilikuwa kazi bure: yeye kule kijijini Dareda "haloo, haloo," mimi huku napasua koo, wapangaji wenzangu wanadhani nagombana. Kazi yangu ni kutengeneza programu za simu kwa watu walioko mbali, nisiowajua. Wiki nzima inaweza kupita sijasema na mtu ila "mambo" na "poa" na dereva wa bajaji. Basi nikatengeneza programu moja ya sisi wawili. Asubuhi natuma "Shikamoo mama," maandishi makubwa yanajaa kioo chake. Chini kuna kitufe kimoja tu: Marahaba.

Kitufe chenyewe hakina akili. Kidole kikigusa, hilo ni tukio, na tukio lisipofungwa kwenye amri linapotea hivihivi. Amri inakaa nyuma ya kioo, haioni kitufe wala kidole, ikiitwa, inatuma. Nikafunga kugusa kwenye amri ya kutuma, nikajaribu kwenye simu yangu, ikakubali. Nikampelekea mama simu janja, nikamwonyesha mara moja, nikawahi basi.

Haikuja hata marahaba moja.

Kila asubuhi natuma, naweka chai, natazama simu. Chai inapoa. Nikamwandikia jirani yake. Akajibu mama mzima, anavuna maharage. Hapo ndipo iliponiuma. Mzima, simu anayo, kuniitikia hataki! Nikajiambia ni kwa sababu Krismasi sikwenda. Niliogopa, jamani. Niliogopa kwamba mama amenikata.

Jumamosi nikashindwa kuvumilia, nikapanda basi la Katesh, nikashuka Dareda. Nikamkuta uani anapepeta maharage. Hata kukaa sijakaa, akanifokea.

"Wewe mtoto! Kila siku nakuitikia, halafu unanyamaza. Hata habari za huku huulizi?"

Nikatoa simu yangu, nikatuma shikamoo palepale. Akaifunua yake kwenye kitambaa, akaweka kidole gumba juu ya kitufe, akakandamiza. Akabaki hivyo. "Marahaba, marahaba mwanangu," anasema, kidole hakiinuki. Simu yangu kimya.

Nikamwonyesha kwa kidole changu: gusa, achia. Akanishangaa.

"Mtu akikuamkia unamwachia mkono upesi hivyo? Nani alikufundisha?"

Kwa simu, kugusa na kushikilia ni matukio mawili, na mimi nilikuwa nimefunga moja. Nikafungua kompyuta juu ya gunia la mahindi, nikafunga kushikilia kwenye amri ileile, nikaipakia upya programu kwenye simu yake. Machozi yakanitoka; mama akadhani ni makapi ya maharage, akanipa ncha ya kanga nifute.

Nimerudi Maisaka, chumba kilekile, upweke uleule. Ila sasa marahaba inakuja, nami namuuliza habari za huko. Kushikilia huita amri mara tu kidole kikitulia, hakungoji kiinuke. Kwa hiyo neno lake likifika kwangu, najua kule Dareda mama bado hajaniachia mkono.