Dalili Tisa za Kuishiwa Maji
Katika chumba cha kufulia cha hospitali alikuwapo mama mmoja aliyeitwa Kaseti. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu, huku akiilisha mashine mashuka, alikuwa akiyatamka masomo yake ya jioni neno kwa neno, bila kituo. Wakichoka humwambia, "Kaseti, hebu tugeuzie upande wa pili, huu tumeuzoea." Naye hucheka, akaendelea.

Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akiwajua wagonjwa kwa mashuka yao tu. Alitaka kuingia wodini akiwa msaidizi wa muuguzi. Hospitali ilipofungua kozi ya jioni kwa wafanyakazi wake, alikuwa wa kwanza kujiandikisha, na umri wake wa miaka thelathini na sita, mume fundi baiskeli, na binti wa darasa la sita.

Mwalimu wao alikuwa muuguzi mstaafu, mzee mpole mwenye daftari lililogeuka rangi ya chai. Yeye alisoma, wao wakaandika. "Nukta. Mstari mpya." Aliyeinua mkono aliambiwa, "Andika kwanza, utaelewa mbele ya safari." Kaseti hakuinua mkono hata siku moja. Nyumbani aliyanakili yale maandishi mara tatu, kwa mwandiko uliosimama wima kama askari wa gwaride, vichwa vya habari akavipigia mstari mwekundu kwa rula. Majaribio ya darasani aliyaongoza yote, maana mzee aliuliza yale yale aliyoyasoma, kwa mpangilio ule ule.

Ukaja mtihani wa bodi. Watahini wawili wageni walimsimamisha mbele ya kitanda alicholazwa mwanasesere mkubwa kama mtu, wakamsomea: "Mzee huyu anaharisha tangu juzi. Midomo imepasuka, ukimfinya ngozi hairudi upesi, na hajakojoa tangu asubuhi. Ana nini, na utaanza na lipi?"

Kaseti alizijua dalili tisa za kuishiwa maji mwilini. Angeambiwa "taja", angezimwaga kama mahindi kutoka guniani. Lakini hakuna aliyemwambia ataje. Alimtazama mwanasesere, akangoja kichwa cha habari, nacho hakikuja.

"Nitamfunika asipate baridi," alisema mwishowe.

Mtahini mmoja akaandika kitu bila kuinua uso.

Alifeli. Wenzake nao walifeli karibu wote, wakapewa mwaka mmoja warudie, mara ya mwisho.

Mwaka huo yule mwalimu mzee aliugua, akaletwa muuguzi kijana, binti mwembamba mwenye sauti ya chini. Jioni ya kwanza alisema, "Fungeni madaftari." Watu wakatazamana. Akamgeukia Kaseti: "Mama, mweleze jirani yako kwa nini mtu aliyeishiwa maji macho yake huingia ndani. Kwa maneno yako mwenyewe."

Kaseti akafungua kinywa. Maneno yote aliyokuwa nayo yalikuwa ya mzee. Nyuma yake mtu akacheka, akajifanya anakohoa.

Wiki zikaenda hivyo hivyo. Aliyezoea kuwa wa kwanza akawa wa kumi na tatu. Mwalimu alimfuata mlangoni. "Mama, usivunjike moyo. Ukikosea hapa ukajua kwa nini, hutakosea mbele ya mgonjwa. Nipe miezi mitatu."

Hakumpa. "Mwalimu gani huyu?" aliwaambia wenzake kantini. "Tumekuja kufundishwa, yeye anatuuliza sisi! Kama tungekuwa tunajua tungekuja kufanya nini?" Wengi wakaitikia. Barua ya kumkataa mwalimu aliiandika yeye, watu kumi na saba wakatia sahihi, akaipeleka mwenyewe kwa muuguzi mkuu. Haikupita wiki mbili, mwalimu kijana akahamishiwa dirisha la dawa. Daftari la mzee likaletwa, akapewa karani alisome. Karani alisoma hata nukta.

Katika mtihani wa pili kitandani palikuwa na mwanasesere mdogo. "Mtoto wa miezi minane. Utosi umebonyea, analia bila machozi, nepi kavu tangu jana."

Kaseti alieleza jinsi ya kuuosha utosi.

Alipokuwa katikati ya ngazi, akishuka, ndipo lilipomjia: zilitoka katika dalili zile zile tisa, zimevaa nguo nyingine. Akashika ukuta. Waliokuwa wakipanda wakampisha.

Katika darasa zima walifaulu wawili, wale ambao hawakutia sahihi, waliokuwa wakikaa pembeni wakati wa mapumziko na kuulizana maswali. Kozi ikafungwa. Tangazo lilisema kuanzia hapo nafasi ni za wenye cheti cha sekondari, na Kaseti hakuwa nacho.

Siku moja alipeleka makoti safi dirisha la dawa, akamkuta mwalimu kijana akihesabu vidonge.

"Ile barua," Kaseti alianza, "ni mimi."

"Najua, mama. Mwandiko wako si ninaujua?"

"Nisamehe, mwanangu. Sasa naomba unifundishe. Hata bila cheti."

Yule binti aliweka chini kijiko cha kuhesabia. "Nimekusamehe siku nyingi. Lakini kufundisha nimeacha. Niliambiwa nawapotezea watu muda, na mimi nikaamini." Akaendelea na vidonge.

Jioni hiyo Kaseti alimkuta binti yake akitembea chumbani, daftari kifuani, macho yamefumbwa, akighani somo la maji. Alimnyang'anya lile daftari, akalifunga.

"Niambie mvua inatoka wapi. Kwa maneno yako."

"Mama, nitakosa."

"Kosa. Nakusikiliza."

Msichana alianza kulia. "Mwalimu anataka kama alivyoandika ubaoni. Ukibadilisha neno moja anakupa sifuri. Mama, jaribio ni kesho!"

Kaseti alilifungua tena lile daftari penye somo la maji. Akamrudishia.

Kesho yake binti akaja na kumi kwa kumi, na baba yake akambeba begani.