Uso Ambao Mama Aliujua

Kwa miaka arobaini mafuta pekee yaliyogusa uso wangu ni yale yaliyoruka kutoka kwenye kikaango. Sikuona aibu. Uso wangu ulikuwa wa kazi, kama mikono, na kazi yenyewe ilikuwa chapati. Nilianza Wandegeya, mbele ya mahosteli ya wanafunzi, na sigiri moja ya mkaa kando ya mtaro. Baadaye nikapata kibanda, baadaye hoteli yenye meza na paa langu mwenyewe. Nyumba yangu ya Kasubi ilitoka kwenye unga, tofali baada ya tofali, na hakuna mwanamume aliyeweka hata moja. Ukiona najisifu, basi najisifu.

Kwa hiyo mtu aliyenijua angecheka kunikuta, mwanamke wa miaka sitini na minne, nimekaa mbele ya kioo asubuhi na mapema, nasugua makunyanzi kwa kidole cha pete. Jirani mmoja wa kazini alicheka kweli. Nilikuwa na sababu, na sababu ilikuwa mama.

Mama alikuwa mjane wa askari. Sisi tulizaliwa kambini, Makindye, na kwa kuwa baba na mama walitoka makabila mawili ya kaskazini yasiyosikilizana, lugha ya nyumbani ikawa Kiswahili cha kambi. Baba alipofariki mama alirudi kwao. Alikaa huko miaka mingi, mpaka ndugu zangu walipopiga simu kusema anapotea njia akienda kisimani. Nikamfuata mwenyewe, nikamleta Kasubi, nikampa chumba chenye dirisha la barabarani.

Miezi ya kwanza alinijua. Halafu akaanza kunisahau, na alinisahau kuanzia mwisho kwenda mwanzo. Kwanza alisahau hoteli yangu, kisha watoto wangu, kisha ndoa yangu, ambayo hata mimi sikuhitaji kuikumbuka. Mwisho akabaki na yule wa ukutani. Sebuleni nina picha niliyopigwa studio nikiwa na miaka ishirini, nywele nimesuka, uso laini kama mtungi. Kila asubuhi mama alisimama mbele ya picha ile akaisalimia, akaiuliza imelalaje. Kisha akanigeukia mimi.

"Bibi, mwenye nyumba amekwenda wapi?"

"Mimi ndiye mwenye nyumba, mama."

"Usiniite mama. Kwa umri huo mama yako yuko kaburini."

Siku ya kwanza nilicheka. Alikuwa na ulimi, na mimi ulimi wangu niliutoa kwake. Lakini aliendelea, na baada ya wiki kadhaa hakutaka tena kula kutoka mkononi mwangu. Kichwani mwake mimi nilikuwa bibi fulani aliyehamia nyumbani kwa mwanawe, anapika unga wa mwanawe, analala kitanda cha mwanawe. Nilikuwa naweka sahani kwenye stuli na kutoka nje, ndipo alipokula. Nilimsikia kupitia dirisha akiiambia picha, "Njoo mapema. Huyu bibi atakumaliza." Na kwangu alisema waziwazi, "Akikukuta humu utaona. Yule hana mchezo."

Ni kweli, sina.

Mimi si mtu wa kuomba. Sikumwomba Mungu nyumba, niliijenga. Lakini hapo niliomba kitu kimoja: kabla hajafa, anitazame na kuniita kwa jina langu. Mara moja tu.

Karibu na hoteli yangu kuna saluni ya Mkongomani mmoja, msusi, mwenye maneno mengi na mikono mizuri. Saa zile baada ya chakula cha mchana, wanafunzi wakiwa wamerudi darasani, nilimweleza. Alisikiliza huku akifumua nywele za mteja.

"Mama, kama anajua ile sura ya picha," akasema, "basi turudishe ile sura."

"Kwa dawa gani?"

"Dawa nitakuuzia nikitaka kukuibia. Ni mikono na mafuta. Makunyanzi hayaondoki, sikudanganyi, yanalainika tu. Kwetu mama zetu wanafanya kila asubuhi. Wewe na huo uso wako wa polisi, uso hujawahi kuupa salamu."

Alinikalisha kwenye kiti cha wateja. Kunawa mikono, mafuta kidogo, uyapashe moto viganjani. Kuanzia kidevu kwenda masikioni, kila mara kwenda juu, usiuvute uso chini. Paji la uso kutoka katikati kwenda pembeni. Chini ya macho utumie kidole cha pete, kwa sababu hakijui nguvu. Na pale katikati ya nyusi, ambapo mimi nina mkunjo mmoja mnene uliosimama kama mlingoti, nizungushe kidole polepole, mara nyingi kuliko pengine pote.

Nilipoanza mwenyewe akanishika mkono. "Mama, polepole. Hiyo ni ngozi, hakuna mteja anayeisubiri."

Nilinunua mafuta ya yaa, yale meupe ya kokwa za mti, yanayotoka kaskazini, ambayo mama alitupaka tukiwa wadogo. Asubuhi kabla ya kwenda Wandegeya, jioni nikirudi, dakika kumi. Nilifanya kama ninavyofanya kila kitu, bila kukosa siku hata moja. Mikono yangu ilikuwa imezoea kilo nyingi za unga kila alfajiri, sasa nikaifundisha kugusa kitu kama vile kimelala. Na ule mkunjo wa katikati nilipambana nao kuliko yote. Nilijua ndio unaonizeesha. Kwenye picha haupo. Mpiga picha alikuwa ameniambia niinue nyusi.

Mwezi wa pili uso ulibadilika. Si sana, lakini ulibadilika. Mashavu yalilainika, na ile mistari ya pembeni mwa mdomo ikawa kama imefutwa na mtu mvivu. Wanafunzi wakaona.

"Mama, siku hizi unang'aa. Kuna mzee ametokea?"

"Kula kikomando chako," nikamwambia aliyeuliza. Kikomando ni chapati iliyokatwakatwa ikachanganywa na maharage, chakula cha mwanafunzi ambaye fedha za nyumbani zimechelewa.

Wanafunzi wale walipenda hadithi yangu moja, na mimi nilipenda kuwapa. Nilipokuwa darasa la nne, mwalimu alikuja kambini kwa baiskeli yake kumwambia mama kwamba kichwa changu ni kizito, asipoteze karo. Siku hiyohiyo nikaacha shule, nikabaki na kazi ya kubeba sinia la chapati za mama kwenda kwa askari. Niliwaambia wanafunzi, "Mimi mwalimu alinikataa kwa baiskeli. Leo ninyi wenye vichwa vyepesi mnakula kwangu kwa mkopo." Walicheka kila mara. Maisha yangu yote niliyaweka juu ya hadithi ile, kama sufuria juu ya mafiga. Kichwa kizito, lakini mikono. Sikuhitaji kitu kingine.

Basi siku moja nikaona uso uko tayari. Nikasuka nywele kama za kwenye picha, msusi akakataa malipo. Nikavaa gauni la rangi ileile. Nikaingia chumbani kwa mama nikapiga magoti mbele yake, moyo unagonga kama wa binti anayepeleka chai kwa wakwe.

Alinitazama toka juu mpaka chini.

"Umenona, bibi," akasema. "Chakula cha mwanangu kimekukubali."

Nilitoka nje nikakaa juu ya ndoo. Mpangaji wangu, aliyemwangalia mama mchana, alikuja kuniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni moshi umeniingia machoni.

Mwenye akili angeacha. Mimi sikuacha, sijui kwa nini. Labda kwa sababu mikono ilikuwa imeshazoea. Ikawa asubuhi moja ya mvua nimekaa kwenye mkeka barazani, kioo nimekiegemeza kwenye kopo la chumvi, napaka. Mama alikuwa kwenye kiti chake nyuma yangu. Alinitazama kwa muda.

"Nani amekufundisha kukanda hivyo?"

"Msusi mmoja."

"Mjinga. Sogea hapa."

Nilikuwa nimesahau. Kambini wanawake walikuwa wanamletea mama watoto wachanga awakande, uso na kichwa, ili wapate sura nzuri. Wake wa askari wa kila kabila walipanga foleni mlangoni kwetu. Akachota mafuta kwa kidole kimoja, akayanusa kwanza kama zamani, akayayeyusha viganjani. Nikalaza kichwa magotini pake. Ulikuwa umepita mwaka mzima bila yeye kunigusa. Vidole vyake havikuwa vimesahau chochote. Vilijua mfupa ulipo, vilijua wapi pa kubonyeza na wapi pa kupita tu.

"Una watoto, bibi?"

"Watatu."

"Wanakuja kukuona?"

"Wanapiga simu."

"Wangu haji. Huyu mwenye nyumba. Nyumba kaijenga nzuri, lakini haji."

"Labda ana kazi nyingi."

"Ananichukia," akasema, kama mtu anayesema mvua inanyesha. "Nilimtoa shule."

Nilimwambia nilivyojua, kwamba mwalimu alisema mtoto hana kichwa.

"Nani amekwambia? Mwalimu alikuja na baiskeli, akakaa kwenye kiti cha mume wangu, nikampa chai. Akaniomba. Mwanamume mzima ananiomba. Alisema, mama, huyu usimtoe, huyu anawazidi hata wa madarasa ya mbele. Alikuwa tayari kumpa vitabu vyake mwenyewe." Vidole vikapanda kwenye paji la uso, katikati kwenda pembeni. "Nikamwambia sawa, kesho atakuja. Mtoto aliporudi na sinia nikamwambia, mwalimu amekuja kusema kichwa chako kizito, usirudi kumsumbua."

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Nilikuwa nimefumba macho, na sikuyafumbua.

"Kwa nini?"

"Alikuwa na mikono mizuri. Unga ulimsikiliza. Na angesoma yule, angeondoka. Mimi ningebaki na nani mle kambini?"

Nilitaka kumgombeza. Nilikuwa na maneno ya miaka hamsini na zaidi, mengine sikujua hata kama ninayo. Lakini aliyepaswa kuyasikia alikuwa haoni mtu wa kugombana naye. Alikuwa mzee anayemkanda mzee mwenzake.

Kisha kidole gumba chake kikafika katikati ya nyusi, kikasimama. Kikarudi, kikapapasa ule mkunjo ambao mimi nilikuwa nimeupiga vita miezi yote ile na ukakataa kutoka.

"Huu," akasema taratibu. "Mwanangu alikuwa nao huu. Mdogo hivi, na mkunjo wa mtu mzima. Ulimwingia siku ile ya sinia. Nilimpaka mafuta kila jioni akilala, haukutoka."

Nikafumbua macho. Uso wake ulikuwa juu ya wangu, karibu kabisa, kidole bado kiko palepale. Midomo yake ikaanza kujipanga kama ya mtu anayetafuta jina. Nikasema, "Mama, nitazame." Akanitazama. Naapa alifika mlangoni.

"Usilie, bibi," akasema. "Mafuta yataingia machoni."

Akaendelea na mashavu. Alipomaliza akapangusa mikono kwenye leso yake. "Akija usimwambie habari za mwalimu. Atakasirika aondoke tena."

"Sitamwambia."

"Sasa niletee chai."

Nikaleta, na aliipokea kutoka mkononi mwangu, akainywa nikiwa nimekaa pale.

Siku ileile kioo nilikirudisha chumbani. Kila asubuhi nilikaa chini ya kiti chake anikande, na kila asubuhi nilishika kidole gumba chake nikakipeleka mwenyewe pale katikati ya nyusi. Siku nyingine alisema, "Mwanangu alikuwa nao huu." Siku nyingine hakusema kitu. Kwenye kula tulipatana, bibi na bibi. Jina langu hakulitaja tena ila kwa picha.

Alifariki mvua zilipokatika, baada ya chai. Tulimpeleka kaskazini.

Kuandika haya kumenichukua madaftari mawili, kwa mkono wangu, na jambo moja limenisumbua: haikuwa vigumu kama nilivyotegemea. Herufi zilikuja. Kila ukurasa ukiisha bila shida nahisi uchungu mpya, na sijui nimpelekee nani.

Uso nimeuacha. Umerudi ulivyokuwa, na ule mkunjo sijaugusa.

Juzi hotelini mwanafunzi mmoja alileta wageni, akawaketisha karibu na sigiri. "Mama, wape ile hadithi," akasema. "Ile ya mwalimu na baiskeli."

Wote wakanigeukia, wanatabasamu tayari.

Nikamwambia maharage yanaungua, nikaenda jikoni. Hayakuwa yanaungua. Nilisimama nikiyakoroga mpaka wakamaliza kula.