Somo Lililoishia kwa Kiumbe

Nikisikia kengele ya mti ya ngamia hapa sokoni Garissa, hujikuta nimerudi nyumbani kwetu Rhamu, mwaka ule mvua ilipokataa kabisa.

Mwalimu Mutua, mtu wa bara aliyelalamikia joto kuliko sisi tulivyolalamikia njaa, alikuwa ametufunza kwamba seli hufanya tishu, tishu hufanya ogani, ogani hufanya mfumo, na mifumo ikikaa pamoja unapata kiumbe. Tuliyaimba hayo kama tulivyoimba sura za Kurani duksi, madrasa yetu.

"Na baada ya kiumbe, mwalimu?" niliuliza.

"Mapumziko," akajibu. Darasa zima likacheka.

Jioni nilimfundisha Deeqa, ndama wa ngamia wetu wa pekee aliyekuwa bado na maziwa. Nilimpapasa kifuani nikimweleza habari za moyo wake, naye akinitafuna kanzu. Nilimpenda, jamani.

Lakini dadangu Hodan alikuwa mchanga, na kifua cha mama yetu kilikuwa kimekauka. Maziwa ya ngamia hayakutosha ndama na mtoto. Asubuhi moja nikamkuta baba ananoa kisu.

"Aabo, mwache! Ana moyo, ana mapafu, ni kiumbe kamili!"

"Najua," alisema. "Na Hodan je? Na huyu ngamia, akinyonywa hivi mpaka afe, tutabaki na nini?"

Akasema bismillahi, akamchinja.

Kisha aliiweka ngozi ya Deeqa mbele ya mama yake. Ndivyo wafanyavyo wafugaji, kwani ngamia aliyefiwa na ndama huzuia maziwa. Yule ngamia aliinusa, akailamba, akaguna kwa upole. Maziwa yakashuka. Kisu nilikuwa nimekivumilia. Huko kulamba ndiko kulikonishinda. Niliangua kilio, na kwa muda mrefu sikutaka hata kukaa karibu na Aabo. Jirani alinituliza kwa kusema heri nusu shari kuliko shari kamili, nami nikamwona hana utu.

Ukubwani ndipo nilipojua somo lilikuwa halijaisha. Kiumbe ana familia yake, familia ina kundi lake, kundi lina malisho, na malisho yanangoja mvua. Huko juu kukikatika, huku chini lazima mtu achague nani aishi. Hodan aliishi, sasa naye ananyonyesha.

Mama ndiye aliyeniambia, baada ya kumzika Aabo, kwamba maziwa yale Aabo mwenyewe hakuyaonja hata tone mpaka mvua iliponyesha. Kila alipopewa alisema ameshiba, nasi watoto tukamwamini.