Mti wa Mama Mkwe

Mti wa mama mkwe ulikuwa ukipukutisha majani, na Fundi, kama mtaa mzima ulivyomwita kwa sababu ya cherehani yake, mambo yalikuwa yamemfika kooni.

Ulikuwa fikasi, mti wa mapambo wa kukaa ndani, ulionunuliwa na marehemu baba mkwe. Mama mkwe aliupenda kuliko alivyowahi kumpenda mkwe yeyote. Alipokwenda kwa binti yake kulea mjukuu mchanga, alimwachia Fundi mti huo na neno moja tu: ukifa, asimwite tena mama.

Fundi akauweka dirishani, kando ya cherehani. Aliumwagilia pale tu udongo ulipokauka juu. Aliyafuta majani kwa kitambaa kibichi, moja moja, huku wateja wakisubiri suruali zao. Hata wanawe, alinung'unika, hawajawahi kuoshwa uso kwa upole hivyo. Bado kila asubuhi alikuta majani ya manjano yametapakaa juu ya vitambaa. Mumewe akashauri aongeze maji. Wifi akashauri apunguze. Jirani akashauri auimbie. Fundi alimtazama tu, pini mdomoni.

Halafu kila jioni, simu ya video. Mama mkwe alitaka kuuona mti, si kupewa habari zake. Chumba cha kushonea kilikuwa kimeshaingia giza, kwa hiyo Fundi aliuburuta na chungu chake hadi sebuleni chini ya taa, akaugeuza upande wenye nafuu. Simu ikikatwa anaurudisha, kiuno kikimuuma.

Mama mkwe aliporudi alikuta mti umebaki vijiti. Akauzunguka, kisha macho yakatua kwenye mikwaruzo ya sakafu, kutoka dirishani hadi sebuleni.

"Ulikuwa unauhamisha?"

"Kila siku, mama."

"Mwanangu, mti huu ukiusogeza tu unanuna, unamwaga majani. Nani alikutuma?"

"Simu zako, mama. Gizani ungeona nini?"

Mama mkwe akaketi kwenye kiti cha wateja. Akasema basi, usiguswe tena. Kuupeleka kwake sasa ni kuumaliza. Ubaki hapohapo dirishani.

Fundi akashusha pumzi.

"Nitakuwa nakuja mimi kuuangalia," mama mkwe akaendelea, akivua viatu. "Kila siku."