Kaari Aliita Mara Moja

Mnataka niandike habari za Rwamba, na mkono wangu huu ulijua jembe kabla ya kalamu. Si mngemwuliza mwenyewe alipokuwa hai? Mlimwogopa. Mlisema yule mama anaongea na hewa. Haya, someni.

Ilikuwa miaka ya Emajensi, serikali ya Wazungu ikiwasaka wapiganaji wa msituni. Watu wa Kanja walikuwa wamefungiwa kijijini, handaki limewazunguka, mashamba yamegeuka kichaka, sufuria tupu. Rwamba na wifi yake Kaari wakapewa pasi ya kutoka, washuke Ishiara, chini nyikani, kwa jamaa zao, wakaombe mtama.

Langoni mlinzi mmoja wa serikali, homugadi Runji, akagonga kibuyu cha Rwamba kwa fimbo. "Maji ya nani haya? Mnawapelekea wale wa msituni?"

Kaari akacheka. "Kiache hapo, wifi. Tangu lini mtu akabeba maji kama mzigo? Kila bonde lina mto wake."

Kwa Kanja, huku mlimani, ni kweli. Rwamba akakiacha.

Wakashuka. Mto wa kwanza waliuvuka wakikunja nguo, hawakunywa, kiu haikuwa imefika. Uliofuata ulikuwa tope. Mwingine ulikuwa mchanga mtupu, unaochoma nyayo kama jivu la moto. Viatu hawana, na Kaari kichwa wazi. Jua lilipofika utosini, wenyeji wa huko wamejilaza kivulini na mbuzi wao, hawa wawili bado wanatembea. Kaari akaanza kumsalimia marehemu mama yake kando ya njia. Rwamba akamshika mkono: mkavu, wa moto, hauna hata tone la jasho.

"Kaa chini ya huu mgunga, wifi. Nachimba pale kwenye kona ya mto, mchanga ni mweusi, una maji."

"Chimba haraka, mke wa kaka, ama nitakunywa wewe," Kaari akasema, midomo imepasuka.

Rwamba akachimba kwa kucha. Maji yakaja kwa uchoyo, kidogo kidogo. Ndipo akasikia:

"Rwamba!"

Mara moja tu. Na kwetu mtoto hufundishwa: ukiitwa porini, usiitike mpaka uitwe tena. Mtu hurudia. Mizimu huita mara moja. Rwamba akafunga mdomo, akangoja wito wa pili. Haukuja. Akalowesha leso yake, akarudi mbio.

Kaari alikuwa amelala macho wazi, amekwisha. Mate ya kuita tena hakuwa nayo.

Njoka, mchunga mbuzi wa huko, alifuata kilio akamkuta. "Ninyi watu wa mlimani," akasema kwa huruma, "mnatembea kama mto unawafuata nyuma. Huku mtu hunywa kabla ya kiu. Jua likipanda, hukaa chini." Wakamfunika Kaari kwa mawe.

Rwamba akazeeka. Lakini kila kiangazi, jua likiwaka, awe shambani, awe kanisani, aliitwa. Mara moja. Naye aliitika kwa sauti, "Niko hapa, wifi! Nakuja!" Watu wakageuka, watoto wakakimbia. Hakumjali mtu. Hata siku ya kufa, aliitika ndipo akakata roho.

Sasa hakuna wa kuitika, na wanaopita kule chini wanasema sauti haijanyamaza. Basi wewe uliyenisumbua niandike, jaza maji, funika kichwa, vaa viatu, ushuke alfajiri ukammwagie Kaari juu ya mawe yake. Na ukisikia "Rwamba!" na mtu humwoni, usingoje wito wa pili. Itika wewe.