Pipa la Wa Ndima

Tangu aolewe, Wa Ndima alipika majani ya mti wa kayuputi kutoa mafuta pale kisiwani Buru, na mafuta hayo ndiyo waliyopakwa watoto wa kijiji asubuhi na jioni, kifuani na miguuni, mbu wasiwasogelee. Ya kuuza na ya nyumbani yalitoka pipa moja. Ndivyo alivyofundishwa na mama mkwe wake.

Asubuhi moja alimpaka mjukuu wake mchanga, na mtoto akalia mpaka sauti ikamkauka. Kifua kilikuwa chekundu kama kimeungua. Wa Ndima akanusa kiganja chake. Mafuta ya taa!

"La Hamuni!" alimwita mumewe. "Umetia nini kwenye pipa?"

"Kidogo tu, mama watoto, lipate kujaa. Si ya wateja yale? Nilidhani ya nyumbani umeshachota."

"Kwani wateja wao wanazaa mawe?"

Wa Ndima alimwosha mtoto kwa sabuni, akambeba, akatoka nje kumkabili mchuuzi aliyekwisha kufika na madumu yake.

"Leo hakuna mafuta. Mume wangu ameyachafua."

Mchuuzi akacheka. "Bibi wee, wote wanachanganya! Nijazie tu."

"Hao wote wana majina yao. Haya yanaitwa mafuta ya Wa Ndima. Na wewe La Hamuni umesimama nini? Chimba shimo, uyamwage!"

La Hamuni akachimba mchana kweupe, majirani wakimtazama, na Wa Ndima hakupunguza sauti hata kidogo alipowaeleza sababu.