Mnafu Wangu na Kopo la Wifi

Leo nimelipa kisasi kanisani, na sijutii. Anayeona nimekosea aseme hapo chini, ila asome kwanza.

Jumapili iliyopita wifi yangu, mke wa kaka, alinishika shavu mbele ya kwaya nzima.

"Wifi, unazeeka vibaya. Mwili wako unashika kutu kwa ndani. Achana na mboga yako ya mnafu, unahitaji antioksidanti."

Anauza vidonge vya hizo antioksidanti, jamani! Wamama wakacheka.

Alichosahau ni kwamba baada ya ibada, mnada wa sadaka nauendesha mimi.

Leo wenzake wameleta ndizi, mayai na maziwa. Yeye kaleta kopo la vidonge. Anatafuta wateja mpaka kwenye sadaka!

Nikaliinua juu. "Kinga ya kutu ya mwili! Nani anaanza?"

Hakuna mkono ulioinuka.

Ningeweza kuliweka pembeni kimyakimya. Thubutu! Nilipita nalo mbele ya kila mtu, nikitaja jina la aliyelileta, mpaka mwenyewe akaanza kuangalia viatu vyake.

Kisha nikainua fungu la mnafu wa bustani yangu. "Na hizi antioksidanti zenye umande?"

Mikono juu! Watu wakashindana kweli. Aliyeshinda alikuwa kaka yangu. Mume wake.

"Mama Glory," akamwita kwa sauti, "njoo uchukue, ukanipikie. Tangu uanze hiyo biashara hatuli mboga."

Akaja. Nikamkabidhi mnafu wake vizuri, kwa heshima zote.

Halafu nikamshika shavu.